Mswaki mkavu ni kijiti tu

Kuna klipu inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, bila shaka na wewe umeshatumiwa, inasema mswaki wa mti unatibu maradhi sabini, halafu sauti inaanza kuyataja kwa pupa, kisukari, presha, kansa, macho, usahaulifu, nguvu za kiume (hii haikosekani), mpaka unajiuliza hospitali zilijengwa za nini. Kila ikinifikia naudhika, na si kwa sababu mswaki haufanyi kazi. Naudhika manake unafanya kazi, tena kazi ambayo hata maabara za Ulaya zimeipima zikaikubali, ila ni kazi yake maalum na inakuja na masharti, na yale masharti ndio watu wa klipu wameyatupa jaani wakabaki na jina.

Mti wenyewe kwanza, kwa sababu wengi wetu tuliokulia mjini tunajua kijiti tu. Mimi nimelelewa Mombasa na kwa miaka yote hiyo mswaki kwangu ulikuwa ni vile vifurushi vilivyofungwa mpira, mzee kaviweka kwenye karai nje ya msikiti siku ya Ijumaa pamoja na tasbihi na udi, basi. Sijawahi kujiuliza unatoka kwenye mti gani na huo mti unakaa wapi, mpaka kazi iliponipeleka Turkana, kaskazini mwa Kenya.

Kwa kitaalamu ni Salvadora persica. Naita mti lakini mara nyingi ni kichaka, kimejikunja chenyewe, matawi yanainama mpaka yanalala kwenye mchanga, majani ni manene kidogo yana maji ndani na ukiyatafuna ni chumvichumvi. Ukipata maji chini ya ardhi unaweza kufika mita sita saba, lakini kwa kawaida hauna haraka hiyo. Unapenda mahali ambapo mimea mingine imeshakata tamaa, kingo za laga, yaani mito ya msimu, ambazo karibu mwaka mzima ni mchanga mtupu, ardhi ya chumvi, hata huku kwetu pwani utaukuta nyuma ya mikoko ambako maji ya bahari yanapenya. Kutoka hapa umesambaa kote, Sudan, nchi za Saheli, Uarabuni, Pakistan, Rajasthan kule India, na kusini unashuka mpaka Namibia. Waturkana wanauita esekon, Wasomali caday, Waarabu arak. Na hilo jina la Salvadora lilitolewa mwaka 1749 na Mswisi mmoja, Laurent Garcin, kwa heshima ya Juan Salvador, muuza dawa wa Barcelona aliyeishi karne ya 17, halafu mwaka 1753 mtaalamu wa mimea Linnaeus akaongeza persica. Yaani mti uliotafunwa na watu wa jangwani tangu enzi na enzi unatembea na kitambulisho cha mfamasia wa Hispania, ambaye sidhani kama aliwahi kuutia mdomoni.

Karibu na mto Turkwel, nje kidogo ya Lodwar, nilimkuta mzee anachimba. Hakuwa anakata tawi, alikuwa amepiga magoti anafukua mchanga kwa kijiti kingine kufuata mzizi mmoja uliokuwa unatambaa pembeni, unene wa kidole cha mwisho, na alipoufikia akakata kipande cha kama shubiri moja kisha akarudishia mchanga kwa kiganja. Nikamsalimia, nikamuuliza mbona asichukue matawi, si yako hapo juu tele na hayana kazi ya kuchimba.

"Tawi ni ya kupeleka sokoni," akasema. "Ya kutumia mwenyewe ni mzizi."

Akanikatia kipande. Akaondoa ganda kwa kisu pale kwenye ncha tu, kama sentimita moja hivi, ndani ukawa mweupe unaoelekea manjano, na una harufu ambayo ukiisikia mara moja hutaisahau, kama haradali iliyochanganywa na udongo uliolowa. Nikatafuna. Mwanzo ni mti tu, majimaji na chumvi kidogo, halafu ghafla ule ukali unakuja, unaanzia nyuma ya ulimi unapanda puani, macho yanajaa maji, na fizi zinachomachoma bila kuuma. Mzee akanyoosha mkono. "Hiyo ya kwanza unatema, mama. Usimeze." Nikatema. Nilipotafuna mara ya pili ukali ulikuwa umepoa, nyuzi zimeanza kuachana, na hapo ndio akanionyesha jinsi ya kupitisha, kutoka kwenye fizi kuelekea kwenye jino, si kukwangua kulia na kushoto kama unasugua sufuria.

Nimesimulia hivi kwa urefu kwa sababu karibu kila alichofanya yule mzee, mzizi badala ya tawi, kukata palepale, kumenya ncha peke yake, kutafuna mpaka ukali ujitokeze, kina maelezo yake kwenye karatasi za watafiti, na yeye hajasoma hata moja.

Ule ukali ndio dawa. Na la kushangaza ni kwamba kwenye mzizi mzima, uliotulia ardhini, huo ukali haupo. Mmea umeweka vitu viwili mbalimbali ndani ya mwili wake, kimoja kinaitwa glukosinolati na kingine ni kimeng'enya kinachoitwa mirosinesi, bunduki huku risasi kule, na maadamu hakuna anayejeruhi mmea havikutani. Mnyama au mdudu aking'ata, au wewe ukitafuna, kuta za seli zinapasuka, vinakutana, na kwenye sekunde chache inatengenezwa benzili isothiosianeti, ambayo ndiyo inakuwasha ulimi na kukutoa machozi. Lengo la mmea ni kumfukuza anayeula, habari za meno yako hauzijui. Sisi tumedandia tu.

Kama unataka kuonja kitu chenyewe bila kwenda Turkana, kata papai, chukua mbegu moja mbichi uitafune. Ule upilipili ni kemikali hiyohiyo. Papai, mlonge, haradali, kabichi na mswaki wote wako kwenye oda moja ya mimea, yaani ukoo mmoja mpana, wote wana silaha za namna hii, kila mmoja na muundo wake.

Sasa maabara. Kikundi cha watafiti wa Karolinska, chuo cha tiba kule Uswidi, walifanya jaribio ambalo mimi nalipenda kwa urahisi wake. Walichukua visahani vilivyooteshwa bakteria wa mdomoni, visahani vingine wakapachika kipande cha mswaki ndani ya ile jeli yenyewe, vingine wakakining'iniza juu bila kugusa kitu. Mtu ungetarajia ule unaogusa ndio ufanye kazi. Lakini ule ulioning'inia hewani nao uliua, tena vizuri kabisa, kwa hiyo kitu kinachoua kilikuwa kinaruka, kinatoka kwenye kijiti kama mvuke. Hiyo ilichapishwa 2008. Mwaka 2011 wakarudi na jina la hicho kinachoruka, kutoka kwenye mizizi, na ndio hiyo benzili isothiosianeti.

Ukilishika hilo la kuruka mengine yote yanajieleza. Kitu kinachoruka hakikai. Kijiti kikimenywa chote kikapangwa kwenye jua barabarani siku nzima ukali unakwisha, kikilowekwa kwenye glasi ya maji usiku kucha ukali unahamia kwenye maji na hewani, asubuhi unajikuta unatafuna nyuzi. Wazee walisema menya ncha tu, menya ya leo tu, kesho kata ile iliyotumika umenye nyingine, na kama umekauka ulowanishe kidogo ulainike, usiuzamishe. Mimi nilikuwa nadhani ni mambo ya usafi na adabu peke yake. Ni usafi, ndio, nyuzi zilizochakaa zinabeba uchafu wa jana, lakini pia ni njia ya kupata dawa mbichi kila siku kutoka kwenye kijiti kimoja.

Na bakteria wanaoumia zaidi ni akina nani? Hapa ndio nataka tuelewane, kwa sababu ndio sehemu ambayo klipu haitakwambia na hata wauzaji hawatakwambia. Wale walioumia vibaya kwenye majaribio ni wa kundi linaloitwa gramu-hasi, na humo ndio kuna wale wakorofi wanaoshambulia fizi, wanaofanya fizi zivimbe na kutoa damu na mwishowe meno yalegee. Wale wanaotoboa meno, hasa Streptococcus mutans, waliguswa kidogo, na laktobasili karibu hawakujali. Kwa hiyo ukiniuliza mswaki unasaidia nini nitakwambia fizi kwanza, harufu ya kinywa, utando ule laini unaoganda kwenye meno. Ukiniuliza kuhusu mashimo nitakwambia usiutegemee peke yake, na hasa kwa mtoto anayekula peremende na soda.

Kuna watu wanasema mswaki una floridi ya asili, ile inayokinga meno yasitoboke. Ipo, ila ni kidogo mno ukilinganisha na dawa ya meno ya kawaida ambayo inabeba sehemu 1000 mpaka 1500 kwa milioni. Vitu vingine vilivyomo vina kazi zao, kuna silika ambayo inasaidia kukwangua madoa, kuna tanini zinazokaza fizi, kuna chumvichumvi, na lile tendo lenyewe la kutafuna linaita mate mengi, na mate ni dawa ya kinywa ambayo hakuna anayeiuza kwa hiyo hakuna anayeisifia.

Watu wa tiba za kisasa wanapenda kuuliza, sawa, lakini ukilinganisha na brashi? Kuna utafiti mdogo wa Saudi Arabia, wanaume 15 tu, uliochapishwa 2003, kila mmoja akatumia brashi kwa kipindi na mswaki kwa kipindi, na mswaki ukashinda brashi kwenye kupunguza utando na uvimbe wa fizi. Watu kumi na watano si jeshi, najua. Lakini kilichonivutia ni kwamba kabla ya kupimwa walifundishwa na wataalamu jinsi ya kuutumia. Watu wazima, Wasaudi, waliozaliwa wakauona mswaki kwa baba na babu, ikabidi wafundishwe. Na huo ndio ukweli hata kwetu, tumerithi kijiti hatukurithi mkono. Angalia vijana wanavyoutumia, kijiti kipo mdomoni kinaning'inia kama sigara, anaendesha boda nacho, anaongea nacho, anasugua yale meno manne ya mbele yanayoonekana kwenye picha, kule nyuma kwenye magego hakufiki kitu, na ukimuuliza atakwambia anafuata sunna.

Shirika la Afya Duniani, WHO, mwaka 1987 lilihimiza vijiti hivi vitumike kule ambako ni desturi ya watu, na mwaka 2000 ripoti ya wataalamu kuhusu usafi wa kinywa ikasema bado utafiti zaidi unahitajika. Nakubaliana na vyote viwili. Kwa mtu wa Kakuma au Garissa ambaye brashi na dawa ya meno ni pesa ya unga, kumwambia aache kijiti kinachomea nyuma ya nyumba asubiri vitu vya dukani ni ukatili uliovaa koti jeupe. Lakini pia huwezi kumwambia amemaliza.

Maana una madhara yake pia. Madaktari wa meno waliowachunguza watumiaji wa muda mrefu wameona mara kwa mara fizi zimerudi nyuma, mzizi wa jino umeanza kuchungulia, hasa meno ya mbele, na hii inatokana na kusugua kwa nguvu na ncha ngumu. Daktari wangu wa meno, mama mmoja mpole sana ila hana mchezo na mdomo wa mtu, aliwahi kuniambia kwamba akimfungua mgonjwa mdomo anajua huyu ni mtu wa mswaki kabla hajaambiwa, pande za mbele zinang'aa kama kioo na fizi zimepanda juu. Akanipa ushauri ambao nimeufuata mpaka leo, mswaki mchana na brashi yenye dawa ya floridi usiku kabla ya kulala, na kijiti kitafunwe mpaka kiwe laini kwelikweli ndipo kiguse fizi.

Kulainisha huku si jambo geni. Wanaojua sira, yaani habari za maisha ya Mtume, wanakumbuka kisa cha siku za mwisho za Mtume (s.a.w.), Abdurrahman bin Abu Bakr ameingia na mswaki mkononi, Mtume akautazama, mkewe Bi Aisha akafahamu kwamba anautaka, akauchukua, akautafuna yeye mwanzo mpaka ukalainika ndio akampa. Kisa kile huwa tunakisikia kama habari ya mapenzi na huzuni, na ni hivyo, lakini ndani yake kuna somo la matumizi pia, hukabidhi mgonjwa kijiti kigumu.

Na hapohapo kwenye dini kuna lile la Ramadhani. Sisi wa pwani wengi ni Mashafii na tumelelewa kwamba jua likishapinduka usipige mswaki ukiwa na swaumu, ni makruhu, yaani haipendezi, ile harufu ya kinywa cha aliyefunga ina fadhila yake. Wapo wanazuoni, hata ndani ya madhehebu hayohayo, walioona hakuna karaha yoyote, na mimi sitaingia kwenye ugomvi wa mashekhe. Ila wakisema mswaki mbichi wenye ladha kali uwe makini nao kwenye swaumu, ile ladha usiimeze, mimi niliyetafuna mzizi wa Turkwel nawaelewa vizuri sana. Ule si kijiti cha karai.

Sasa turudi madukani. Dawa za meno zenye jina la mswaki zimejaa, tyubu ya kijani, picha ya vijiti viwili vimepishana, neno "asili" kwa herufi kubwa. Sina ugomvi na mtu anayezipenda. Ila kumbuka habari ya bunduki na risasi. Ukishausaga mti, ukaukausha, ukauchemsha kupata dondoo, ukalichanganya na povu na sukari za kemikali na mnanaa, halafu tyubu ikakaa mwaka kwenye rafu, kile kitu kinachoruka ukikute humo kwa kiasi gani? Inategemea wametengeneza vipi, na mara nyingi boksi haisemi. Mimi nikiishika tyubu nageuza nyuma naangalia Salvadora persica iko wapi kwenye orodha, manake viungo kwa kawaida vinaandikwa kuanzia kilicho kingi, na nikiikuta inaburuza mkia pamoja na rangi na manukato najua nimenunua picha. Halafu naangalia floridi, kwa sababu nyingine za "asili" hazina kabisa, na hapo mtu anakuwa amekosa huku na huku, ukali wa mti hana na kinga ya mashimo hana.

Vile vijiti kutoka Pakistan vilivyofungwa kwenye plastiki iliyofyonzwa hewa, kusema kweli ni afadhali kuliko vya jua. Plastiki inazuia unyevu usitoke. Ukifungua ukakuta bado kinanusa na kinawasha, umepata. Ukikuta kimekauka, kimenyauka, hakina harufu, basi mkavu ule ni kijiti tu, utaswaki sawa, utaondoa utando kwa kusugua, lakini usiniambie habari za dawa. Na pia kuna watu wanauza vijiti vya miti mingine kabisa kwa jina hilohilo. Kipimo ni ulimi, hakuna cheti.

Tukitoka mdomoni, huu mti una historia ndefu ya matumizi mengine na sitaki kuyadharau. Majani yametumika kwa kikohozi na pumu, kukandwa kwenye viungo vyenye baridi yabisi na kwenye bawasiri, mizizi ikachemshwa kwa kisonono na maumivu ya mgongo, mafuta ya mbegu yakapakwa kwenye magoti. Yale mafuta kwanza ni kitu kizuri, yana asidi ya lauriki na miristiki kwa wingi, jamaa za zile zilizoko kwenye mafuta ya nazi, kwa hiyo yanatengeneza sabuni safi, India wamefanya hivyo. Matunda ni madogo kama punje za pilipili manga zilizonenepa kidogo, yanaanza kijani yanaiva mekundu yanayoelekea zambarau, matamu, halafu mwishoni yanakuchoma kidogo, watoto wa Turkana wanayala mpaka midomo inabadilika rangi, na wakubwa wanayakausha. Hadithi inasema Mtume akiwa na maswahaba wakiyachuma aliwaambia wachukue yale meusi, hayo ndio mazuri zaidi, wakamuuliza kama aliwahi kuchunga mbuzi. Mtu haujui huu mti kwa undani hivyo bila kuchunga. Ngamia nao wanaupenda, maziwa yanaongezeka ila yanapata ladha yake.

Lakini tuwe wakweli kuhusu ushahidi. Mengi ya kisukari na vidonda vya tumbo ni majaribio ya panya wa maabara, panya kapewa dondoo, sukari imeshuka, karatasi imeandikwa, klipu imetengenezwa. Kati ya panya na shangazi yako mwenye kisukari kuna safari ndefu sana na hakuna aliyeimaliza. Shangazi akiacha vidonge vyake akanunua unga wa mswaki kwa mtu wa mtandaoni, anayeumia ni shangazi. Na ganda la mzizi lililosagwa si la kuchezea, ni kali, likibandikwa kwenye ngozi linatoa malengelenge, na kuna wazee waliolitumia kwa makusudi hayo, kuvuta maumivu yatoke, wakijua wanalifanya kwa muda gani na wapi. Sasa mtu analiweka kwenye kapsuli anakwambia meza mbili asubuhi. Yule mzee aliniambia niteme, jamani.

Kitu kinachonitia wasiwasi zaidi lakini ni mizizi yenyewe. Kama mzizi ndio wenye nguvu na soko likishajua hivyo, itakuwaje? Yule mzee alichukua kipande kimoja cha pembeni akafukia. Mtu mwenye oda ya magunia hafukii. Kichaka kikishafukuliwa kote kinakufa, na kikifa laga haina kitu cha kushika mchanga, na mahali pake panaingia mathenge. Mathenge ndio ile mimea ya kigeni iliyoletwa kuokoa nchi kavu ikageuka kero, maganda yake matamu yanaharibu meno ya mbuzi, mpaka watu wa Baringo wakaishtaki serikali na kwenye vielelezo wakapeleka mbuzi kibogoyo mahakamani. Kweli kabisa, si hadithi. Nikifikiria kwamba tunaweza kung'oa kichaka kinachotunza meno tukaachiwa kinachoyang'oa, hata kucheka nashindwa.

Kuupanda si kazi ngumu, nimeona watu wakifanya. Chuma matunda yaliyoiva, yasugue kwenye maji mpaka nyama yote itoke, hii usiiruke manake nyama ya tunda inazuia mbegu isiote, kausha mbegu kivulini, panda mapema zikiwa mpya kwenye mchanga unaopitisha maji. Shimo la chumvi ambalo mchicha umekataa, hapo panaufaa. Miaka ya mwanzo linda na mbuzi, weka miba, baada ya hapo unajitegemea. Na ukianza kuvuna, chukua matawi ya kuuza kama anavyosema mzee, mzizi chukua mmoja wa pembeni kwa matumizi ya nyumbani, ukatie upande mmoja tu, na mchanga urudishe.